Mizani ya Vanila

Alhamisi ile Kavuo aliamka na furaha ya kipumbavu, ile inayomfanya mtu acheke peke yake mbele ya sufuria. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, Jumamosi yeye na Valentin walikuwa wanapeleka roboti yao Beni, kwenye mashindano ya sumo ya wanafunzi wa vyuo. Ya pili ndiyo iliyokuwa inamtekenya moyo: Jumapili, baada ya misa, baba yake angewapokea wazazi wa Valentin. Mwaka mzima mzee Syauswa alikuwa anasema hapana. Wiki iliyopita, bila hata kuinua macho kwenye sahani yake ya bugali, akasema, "Bakuye, tutabasikia." Kwa mtu kama mzee Syauswa, hiyo ilikuwa karibu sawa na kupiga vigelegele.

Walikuwa wanafanyia kazi yao sehemu ya nyuma ya depo, ghala la mzee, pale Butembo, katikati ya magunia ya kahawa na masanduku ya vanila. Nje kulikuwa na ukungu, na Kavuo alikuwa amevaa pulova mbili juu ya kitenge. Sakafuni waliweka duara lao la mbao, jeusi, lenye ukingo mweupe pembeni. Valentin alikuwa amelala kifudifudi kando yake, bisibisi mkononi.

"Unisomee kanuni tena," akasema.

"Si unazijua?"

"Ninazijua. Minapenda tu kuzisikia zikitoka mu kinywa yako."

"Valentin! Papa iko hapo inje."

"Papa anapenda kanuni. Soma."

Kavuo akajaribu kukunja uso, ukamshinda. "Bon. Roboti inajiendesha yenyewe. Hakuna télécommande. Arbitre akitoa ruhusa, inangoja segonde tano, kiisha njo inaanza kutafuta mwenzake. Yenye itasukumwa inje ya duara, imeshindwa."

"Na kama zimekamatana, zinasukumana tu, hakuna yenye kutoka?"

"Arbitre anazitenganisha, zinaanza upya."

"Ile arbitre iko na roho mubaya. Kama zimekamatana, aziache zikamatane."

Kavuo akamchapa begani na kipande cha waya. Lakini hakuondoa mkono wake haraka, na Valentin hakusogea. Wakaangaliana vile, sekunde mbili tatu, mpaka yeye Kavuo akaona aibu na kuinamia roboti.

Waliiita Kibonge, kwa sababu ilikuwa fupi na nene. Magurudumu yake Valentin aliyasugua mpaka yakashika mbao vizuri, na chini ya tumbo lake walibandika vipande vya plomb, risasi nzito, alivyoviomba kwa quado mmoja, fundi wa matairi wa kwenye mzunguko wa barabara, vile anavyotumia kusawazisha magurudumu ya gari. Roboti nyepesi inasukumwa ovyo, nzito inasimama. Ila kanuni ilikuwa kali: nusu kilo, na hata gramu moja juu ya hapo, hapana. Kila timu ilitakiwa kupima nyumbani, kutuma uzito Beni, halafu roboti ipimwe tena mbele ya watu wote.

Kavuo akaileta mizani ndogo ya baba yake, ile ya kupimia vanila, yenye kifuniko cha kioo. Tangu utoto wake alikuwa akiiona mezani pale, na aliiamini kama anavyoiamini saa ya kanisa. Akamweka Kibonge juu. Namba zikacheza, zikatulia.

"Mia ine na makumi tisa na munane!" Kavuo akapiga makofi. "Tumefika karibu kabisa! Tuma, Valentin, tuma sasa hivi!"

Valentin akatuma kwa simu. Ndipo mlango ukafunguka, na mzee Syauswa akaingia na funguo zake zikilia kiunoni. Valentin akasimama mara moja, akajipangusa magoti.

"Wabukire, papa," akamwamkia kwa Kinande.

Mzee akamtazama. "Ile Kinande yako inatembea na mukongojo," akasema, na Kavuo akapumua, kwa sababu baba yake akitania basi moyo wake uko sawa. "Baba yako atakuya kweli Jumapili?"

"Atakuya, papa. Ata koti amekwisha kuipeleka kwa fundi."

"Bien." Mzee akaketi juu ya gunia. "Nitakuambia mbele, juu usiseme kiisha kwamba nilikuficha. Miye sina kitu na batu wa Kasaï. Lakini baba yako ni inspecteur, ni mutu wa mutation. Leo iko Beni, kesho banamutuma Kindu. Miye ninapenda mukwe yenye ninajua fasi babu yake alizikwa. Wewe nitakujulia wapi?"

"Papa atanijua kupitia matendo yangu."

"Tutaona. Mu nyumba hii kuko kitu moja tu, kijana: hatuibe. Batu banatoka Vuhovi na vanila yabo, banapita ma depo yote, banakuya kuniuzia miye. Juu ya ile. Mutoto wangu nitamupa mutu wa namna ile."

"Nimesikia, papa."

Mzee alipotoka, Valentin akamgeukia Kavuo, uso umemwiva kwa furaha. "Umesikia? Amesema nitamupa!"

"Amesema tutaona."

"Tutaona, nitamupa, ni kitu moja!" Akamshika mikono yote miwili, katikati ya magunia. Na Kavuo, maskini wa watu, akaamini kabisa kwamba Mungu amekwisha kumaliza kazi.

Jumamosi walitoka Butembo na baridi, wakafika Beni na jua linalochoma utosi. Ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa: wanafunzi, walimu, wazazi, na mbele kabisa viti vya plastiki vilivyotandikwa vitambaa, vya wafanyabiashara walionunua kombe. Mzee Syauswa alikaa kiti cha kati, kofia mkononi. Nyuma yake alikaa mama Léa wa Vuhovi, mkulima wa vanila, ambaye mtoto wake naye alikuwa na timu. Mama yule alikuwa anamuuzia mzee Syauswa mavuno yake tangu Kavuo akiwa shule ya msingi. Akainama mbele, akamwambia mzee kitu, wakacheka wote wawili.

Arbitre alikuwa mwalimu Ésaïe, mwanaume mrefu mkavu, asiyetania na kanuni. Akaziita timu moja moja mezani, kwenye mizani. Roboti ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, sawa. Kavuo akamweka Kibonge kwa mikono miwili, akatabasamu kumwelekea baba yake.

Mwalimu Ésaïe akaangalia namba. Akamtoa Kibonge, akasafisha mizani, akamrudisha.

"Mia tano na makumi tatu," akasema. "Ninyi mulituma mia ine na makumi tisa na munane."

"Haiwezekane," Kavuo akasema. "Mwalimu, upime tena."

Akapima tena. Namba ile ile.

"Sikieni vizuri," mwalimu Ésaïe akasema, na sauti yake ilikuwa inafika mpaka mlangoni. "Kuko mambo mawili tu. Kama balanse yenu njo ilikosa, muniambie mulipima ku balanse ya nani. Tutatuma mutu ayiangalie, mutapunguza uzito, mutaendelea bote wawili. Lakini kama mutu aliongeza kitu kiisha kutuma, ni wizi. Yule mwenye kuongeza anatoka. Mwenzake, kama hakujua, anapunguza na kuendelea peke yake. Alors? Balanse ya nani?"

Kavuo akafungua kinywa. Jina lilikuwa tayari kwenye ulimi wake, papa, jina jepesi kuliko yote. Na ndipo akili yake ikamfikia. Mizani ya vanila. Inayosoma kidogo kuliko kilichopo. Kila mwaka, kila mama aliyeweka fungu lake chini ya kioo kile. Mama Léa, na dada zake, na shangazi zake wote wa Vuhovi.

Akamtafuta baba yake kwa macho. Mzee Syauswa alikuwa ametoa kitambaa, anajipangusa paji la uso, na alikuwa anamtazama. Maisha yake yote Kavuo alikuwa hajawahi kuona macho yale kwa baba yake. Yalikuwa yanamwomba. Baba yake, aliyemlipia masomo mpaka majirani wakasema amerogwa, mtoto wa kike na waya! Baba yake alikuwa anamwomba, mbele ya watu, kwa macho.

Akamgeukia Valentin. Na Valentin alikuwa amekwisha kuelewa. Alikuwa anaangalia jinsi mama Léa anavyonyoosha shingo asikie. Halafu akamtazama Kavuo, kwa upole ule aliokuwa nao siku zote, na Kavuo akajua anachotaka kufanya kabla hajakifanya. Akatikisa kichwa kidogo. Usifanye. Lakini kutikisa kichwa si kusema.

"Ni miye," Valentin akasema.

"Sema kwa nguvu."

"Ni miye, mwalimu. Niliongeza plomb jana mangaribi. Kavuo hakujua."

Loo! Kelele iliyotokea pale! Wanafunzi wa chuo chao wakazomea, wengine wakapiga miguu chini. "Mwizi! Mwizi!" Mtu akasema waziwazi, "Si mutoto wa ule inspecteur?" Mwalimu Ésaïe akainua mkono, kelele zikapungua.

"Mademoiselle," akamwambia Kavuo. "Ni kweli hakukuambia?"

Hapo ndipo palipokuwa na kila kitu. Neno moja, hapana, mwalimu, ni balanse ya papa, na Valentin angebaki amesimama kando yake. Kavuo alilihisi neno lile kooni, limekwama kama mwiba wa samaki. Akatazama chini, kwenye plomb za Kibonge.

"Sikujua," akasema.

Valentin akavua beji yake shingoni, akaiweka mezani polepole, akapita katikati ya watu. Hakuinamisha kichwa. Mtu mmoja alimrushia ganda la karanga, nalo likabaki begani mwake mpaka alipotoka mlangoni.

Kavuo alibandua plomb kwa ukucha mpaka ukucha ukavunjika. Kibonge akapimwa, akakubaliwa. Na mchana ule, niseme nini? Akashinda. Alikuwa amepungua uzito lakini akili aliyopewa na Valentin ilikuwa bado tumboni mwake: akifika karibu na ukingo mweupe anarudi nyuma, anazunguka, anamtafuta mwenzake kutoka ubavuni na kumsukuma. Timu ya kwanza, nje. Ya pili, nje. Fainali ilikuwa na timu ya mtoto wa mama Léa, na hao pia wakaenda nje. Kila mara Kavuo alipoweka roboti na kurudi nyuma, aligeuza shingo kumtafuta aliyesema atasimama nyuma yake amwangalie. Palikuwa na ukuta tu.

Wakampa kombe. Mzee Syauswa akamkumbatia mbele ya wenzake.

Waliandaliwa chakula nyumbani kwa binamu ya mzee, si mbali na ukumbi. Mbuzi alikuwa anachomwa, watu wanaimba. Kavuo akamvuta baba yake nyuma ya jiko, penye kuni.

"Papa. Ni balanse yako."

Mzee hakukataa. Hilo Kavuo hakulitegemea. Alikuwa amejipanga kwa ugomvi. "Ninajua," mzee akasema.

"Tangu zamani?"

"Tangu ile mwaka vanila ilianguka bei. Nilisema, ni mwaka moja tu, kiisha nitairudisha sawa. Kiisha ma mwaka ikapita." Akavua kofia, akaivaa tena. "Ile gramu njo ilikusomesha, Kavuo. Sisemi juu unisamehe. Ninakuambia tu."

"Batu banamuita Valentin mwizi, papa! Mu Beni yote!"

"Nilisikia."

"Basi Jumapili umupokee. Usiseme kitu kwa batu, sawa, siombi ile. Umupokee tu. Wewe unajua hakuiba. Amekuokoa!"

Mzee Syauswa akamtazama binti yake kwa huruma, huruma ya kweli, na ndiyo iliyomtisha Kavuo kuliko hasira.

"Ni kijana muzuri," akasema. "Nilimutafuta kosa mwaka muzima, na leo nimeona hana. Hakuna mukwe angenifaa kuliko ule. Lakini hawezi kuya mu nyumba yangu."

"Juu ya nini?"

"Juu anajua. Kila siku ya Mungu atakaa ku meza yangu, ataniamkia, wabukire papa, na miye nitajua anajua. Batoto yako bataniita babu, na baba yabo anajua. Siwezi, mutoto wangu. Kwa Mungu, siwezi. Nimetuma mutu kwa baba yake. Jumapili, basikuye."

"Papa..."

"Batu batasema ni juu ya ile maneno ya leo. Baseme. Ni sababu yenye kueleweka."

Kavuo akatoka mbio. Hakujua anakokwenda, lakini miguu ilijua: kwenye kituo cha pikipiki, karibu na parokia, ambapo Valentin alikuwa ameketi juu ya jiwe, begi magotini. Macho yake yalikuwa mekundu. Alipomwona, akasimama, kama anavyosimama siku zote mtu mwenye adabu.

"Kibonge alishinda?"

"Usiniulize Kibonge!" Kavuo akamshika shati. "Kwa nini ulisema vile? Nani alikutuma?"

"Kama ungesema ukweli, ungemupoteza baba yako. Ukisema uongo, ungejipoteza wewe. Nilitaka usichague."

"Ningesema! Nilikuwa ninataka kusema!"

"Ninajua."

"Neno ilikamatwa hapa, Valentin. Hapa." Akajigusa koo.

"Ninajua, chérie. Niliona." Akamshika mkono, akauondoa kwenye shati lake taratibu, lakini hakuuachia. "Nitakuambia kitu, usikasirike. Pale nilikuwa ninasema ni miye, ni miye, mu moyo nilikuwa ninamuomba Mungu: Kavuo akatae. Neno moja tu. Hata ningetoka na aibu, lakini ningejua. Arbitre alikuuliza, na ulinyamaza kwanza, na nilisema, sasa, sasa anasema. Kiisha ukasema sikujua."

Kavuo akalia kwa sauti. Mwenye pikipiki akageuza uso.

"Tuende bote," akasema. "Leo. Kwa shangazi yako Kisangani, fasi yoyote. Ninakufuata."

Valentin alimtazama kwa muda mrefu, na Kavuo aliona jinsi anavyotaka.

"Na mwaka moja kiisha, ukimukumbuka baba yako?" akauliza. "Ungeniangalia, ungeona ule mutu mwenye alikutoa kwa papa. Na miye nitakuangalia, nitasikia sikujua. Ninakupenda, Kavuo. Siwezi kukupenda na ile mu katikati." Akavuta pumzi. "Na papa yangu... nilipita kwetu. Alitoa ile koti kwa fundi asubuhi. Alikuwa ameivaa, anazunguka mu chumba, anamuonyesha mama. Mutu wa baba yako akafika, akamuambia mutoto wako ni mwizi, usikuye. Hakuniuliza kama ni kweli. Aliivua tu, akaikunja."

"Umuambie ukweli!"

"Nikimuambia, atakwenda kwa baba yako na ma kelele yake ya Kasaï, na kesho Vuhovi yote itajua. Basi nilitoka mbele ya batu bure?" Akatabasamu, tabasamu baya lililojaa machozi. "Niache na hii moja. Iwe na maana."

Akambusu kwenye paji la uso, akapanda pikipiki. Kavuo alisimama pale mpaka mlio wa pikipiki ulipochanganyika na milio mingine, halafu akaendelea kusimama.

Aliporudi, walikuwa wamekwisha kumtafuta kila mahali. Mpiga picha alikuwa amefika, wageni wamejipanga uani, mama Léa mstari wa mbele na mtoto wake. Baba yake alikuwa katikati na kombe, uso umemkauka.

"Bingwa wetu ni huyu!" watu wakashangilia. "Akuye hapa! Karibu ya papa!"

Kavuo akaenda, akasimama kando ya mzee Syauswa. Mpiga picha akasema wasogeleane kidogo, baba na binti, kidogo tena. Wakasogeleana. Mzee akamwekea mkono begani, na mkono ule ulikuwa wa baridi.

Hapo Kavuo akashindwa. Akalia mbele ya kamera, kinywa wazi, bila kujifunika. Na mama Léa wa Vuhovi akaanza kumpigia makofi, wengine wakafuata, uani kote makofi, wakisema ndivyo alivyo mtoto aliyelelewa vizuri, furaha ikimzidi analia.